Haidrenjia imegoma Mwanza? Chimba kwanza, mbolea baadaye

Watu huniletea jani moja la haidrenjia lililofungwa kwenye gazeti, au picha kwenye simu, na swali lao huwa lile lile: "Niweke mbolea gani?" Siwezi kujibu. Jani linaonyesha tu kwamba mmea unaumwa. Chanzo mara nyingi kiko sentimita 20 chini ya ardhi, na dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu vinavyotibiwa kwa njia zinazopingana. Haidrenjia inayonyauka kwa kiu na ile inayonyauka kwa kuzama kwenye maji zinafanana ukiziangalia kwa juu. Ukiimwagilia maji hiyo ya pili, umeimaliza.

Swali lililonifaa kuliko yote nililipata kwa mzee mmoja, mkulima wa Misungwi. Alinikuta kando ya ukuta wa nyumba mpya ya mteja, nang'oa miche sita iliyokufa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akalitazama shimo kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, kabla ya nyumba hapa palikuwa na nini?" Palikuwa mahali mafundi walipokorogea zege. Nilikuwa nimeipanda miche ya watu kwenye mabaki ya saruji, nimeyafunika kwa udongo mzuri kiasi cha kiganja. Tangu siku hiyo sipandi wala sitibu kitu kabla ya kuuliza swali la yule mzee.

## Mmea unataka nini, na mji unatoa nini

Haidrenjia tunayoijua wengi, ile yenye vichwa vya maua vya mviringo, asili yake ni Japani. Mizizi yake ni myembamba na haiendi chini sana. Inataka udongo unaoshika unyevu bila kutuamisha maji, wenye mboji nyingi, na wenye uchachu kidogo: pH ya 5 hadi 6.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umezidi). Majani yake ni mapana na hupoteza maji haraka, kwa hiyo kosa lolote la udongo huonekana juu upesi.

Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, juu ya majabali ya granaiti. Granaiti ikimeng'enyuka huacha udongo wa kichanga vilimani na udongo mzito mabondeni, na Wasukuma wana jina la kila mmoja. Majina hayo ni ramani tosha kwa mpanda maua.

Luseni ni ule wa kichanga, mwepesi, wa juu ya mteremko. Kama unaishi Isamilo, Bugando au vilima vya Nyegezi, huenda ndio ulio nao. Hauna rutuba kubwa na hukauka mapema, lakini maji hupita vizuri na kwa kawaida hauna chokaa. Kwangu mimi huu ndio udongo bora wa kuanzia haidrenjia, ingawa wenyewe wanaudharau kwa sababu mahindi hayaupendi. Ukiulisha mboji unabadilika kabisa.

Itogolo uko chini zaidi ya mteremko. Juu unaonekana wa kawaida, lakini ukichimba unakuta tabaka gumu ambalo sururu inaligonga kama sakafu. Wakulima hutengeneza majaruba ya mpunga humo kwa sababu maji yanakaa. Kinachoufaa mpunga hapo ndicho kinachoiua haidrenjia.

Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mara nyingi una chokaa, na wakati mwingine utaona vipande vyeupe ndani yake. Ibushi nao una chokaa nyingi. Kwenye udongo wa aina hizi mbili usipoteze fedha kuubadilisha: panda kwenye chungu kikubwa au tuta la kuinuliwa.

Mjini, hata hivyo, viwanja vingi havina tena udongo wake wa asili. Vimejazwa kifusi na kusawazishwa kwa udongo wa lori ambao hakuna anayejua ulikotoka. Ndiyo maana jina la mtaa halitoshi, na inabidi ushike jembe.

## Vipimo vya nyumbani

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana kama huo. Tazama ukuta wake: rangi inabadilika wapi, mizizi ya majani inaishia wapi, kuna vipande vya matofali au plasta? Jaza maji, yaache yaishe yote, kisha jaza tena na uweke kijiti cha kupimia. Yakishuka sentimita 3 hadi 8 kwa saa, uko salama. Yakishuka chini ya 2, una tatizo la maji kutuama hata kama juu pamekauka. Yakipotea ndani ya dakika chache, una mchanga mtupu.

Chukua kiganja cha udongo mkavu, umwagie siki. Ukitoa povu na sauti ya kuchemka, una chokaa. Usipotoa povu haimaanishi kwamba una uchachu unaofaa, ila chokaa si nyingi.

Kwa uchachu wenyewe, chemsha kabichi ya zambarau iliyokatwakatwa, chuja maji yake, yaache yapoe. Tia vijiko viwili vya udongo ndani ya nusu glasi ya maji hayo, koroga, subiri nusu saa. Yakielekea wekundu wa pinki, udongo una uchachu. Yakibaki zambarau au bluu, uko karibu na katikati. Yakienda kijani, umepita upande wa chokaa. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kukuzuia kufanya kosa kubwa. Ukitaka tarakimu, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kiko hapo Misungwi. Ulizia upimaji wa udongo. Chota udongo sehemu tano au sita za bustani, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, halafu peleka kama nusu kilo. Usichotee kwa ndoo iliyobebea mbolea au chokaa.

## Majani machanga yamekuwa njano, mishipa imebaki kijani

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi mjini, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Mtu anaona unjano, anasema mmea una njaa, anaongeza samadi au majivu. Wiki mbili baadaye unjano umezidi.

Angalia ni majani yapi. Kama ni yale ya kwenye ncha, machanga, na mishipa imechorwa kijani kama ramani ya mito, mmea umekosa chuma. Chuma kipo ardhini tele, kwa sababu ardhi yetu haina uhaba wa chuma, lakini pH ikipanda juu ya 6.5 au 7 chuma hujifunga na mizizi haiwezi kukichukua. Kwa hiyo usiulize chuma kitatoka wapi. Uliza chokaa imetoka wapi.

Hapa Mwanza huwa inatoka kwenye mojawapo ya njia hizi.

Ukuta na kifusi ndio wakosaji wa kwanza. Plasta na zege huachia chokaa kila mvua inaponyesha, kwa miaka mingi. Haidrenjia iliyo chini ya sentimita 50 kutoka ukuta wa saruji nahisi matatizo yake hata kabla ya kuiona. Isogeze iwe mita moja na zaidi.

Majivu ya jiko la mkaa yanafuata. Nyumba nyingi humwaga majivu bustanini kila asubuhi kwa nia njema, na kwa mchicha hayana ubaya. Majivu lakini hupandisha pH haraka. Ukiwa na haidrenjia, majivu yapeleke kwenye mboga.

Mchanga wa ufukweni ni mtego ambao wageni hawaujui. Unaonekana msafi, lakini una vipande vya magamba ya konokono na kome, na magamba hayo ni chokaa tupu. Umwagie siki uone. Tumia mchanga wa mlimani.

Udongo wa kichuguu nao husifiwa na wengi. Ni udongo wa mfinyanzi uliopandishwa na mchwa kutoka chini, na kwa kawaida una kalsiamu, madini ya chokaa, zaidi ya udongo ulio pembeni yake. Unafaa matofali, na unafaa mazao mengi. Kwa haidrenjia uuache.

Na maji. Ziwa Victoria lina maji laini, yenye chumvichumvi kidogo, na maji ya bomba ya jiji hutoka humo, kwa hiyo mtumia bomba hana haja ya kuhangaika. Maji ya kisima kirefu ni habari nyingine. Kama birika lako linafanya ukoko mweupe ndani, maji hayo yanaongeza chokaa kwenye udongo kila unapomwagilia, polepole, hadi siku mmea unapogoma. Kinga maji ya mvua.

Tiba inategemea chanzo. Kama siki ilitoa povu, usijaribu kuushusha udongo huo pH. Chokaa itaimeza kila dawa utakayoweka. Hamisha mmea. Kama siki haikutoa povu na kabichi imeonyesha bluu, salfa ya unga kutoka duka la pembejeo itasaidia: gramu 40 hadi 50 kwa mita moja ya mraba kwenye udongo wa kichanga, karibu mara mbili ya hapo kwenye mfinyanzi, ikichanganywa juujuu bila kukata mizizi. Salfa haifanyi kazi yenyewe. Bakteria wa udongo ndio huigeuza kuwa asidi, nao wanahitaji unyevu na muda wa miezi miwili mitatu. Usirudie kabla ya kupima upya. Wakati unasubiri, mbolea ya chuma ya kupulizia majani itarudisha kijani kwa wiki kadhaa, ila hiyo ni kutuliza homa tu.

## Inanyauka

Subiri jioni kwanza. Haidrenjia hulegea saa saba mchana hata ikiwa na maji ya kutosha, kwa sababu majani hutoa maji kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Ikisimama tena jua linapozama, haina ugonjwa. Inataka kivuli cha mchana. Mahali pa kupata jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli, ndipo pake.

Ikiamka asubuhi bado imelegea, tia kidole udongoni hadi kifundo cha pili.

Udongo umekauka? Kwenye luseni, udongo ukikauka kabisa huwa unakataa maji. Unamwagilia, maji yanateleza pembeni, juu panalowa na chini ni vumbi. Fukua kidogo baada ya kumwagilia uhakikishe. Mwagilia polepole mara mbili tatu mfululizo, weka matandazo ya sentimita 5 hadi 7, na msimu ujao ongeza mboji.

Udongo umelowa na mmea bado umelegea? Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo watu huongeza maji. Chimbua pembeni taratibu, vuta mzizi mmoja. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu na ni mgumu kiasi. Mzizi uliooza ni kahawia, unachubuka ganda ukiuvuta, na udongo unanuka kama matope ya mferejini. Mizizi imekosa hewa, na kuvu wanaoozesha mizizi wamepata nafasi.

Visababu ni viwili. Cha kwanza ni itogolo: ulichimba shimo kwenye tabaka gumu, ukalijaza udongo laini na samadi, na masika yakaligeuza kuwa bakuli. Kadiri shimo lilivyochimbwa vizuri ndani ya ardhi ngumu, ndivyo linavyokusanya maji ya uwanja mzima. Wengi hujaribu kurekebisha kwa kutia kokoto chini ya shimo. Haisaidii, kwa sababu maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo huo ujae kabisa, kwa hiyo umesogeza tope karibu na mizizi. Ni vivyo hivyo kwenye chungu. Kisababu cha pili ni chungu chenyewe: ndoo ya rangi iliyotobolewa tundu moja, au sahani chini ambayo haimwagwi.

Kwenye ardhi ngumu nenda juu, usiende chini. Jenga tuta la sentimita 30 hadi 40, na mji huu umebarikiwa mawe. Yapange makavu au kwa udongo, bila saruji. Granaiti haina chokaa, kwa hiyo haitakusumbua. Vunja tabaka la chini kwa sururu kadiri unavyoweza kabla ya kujaza, ili udongo wa juu na wa chini ushikane. Mmea uliokwisha kuoza nusu, kata mizizi mibovu, punguza matawi theluthi moja, uhamishie kwenye mchanganyiko mpya, kivulini. Nimewahi kuokoa baadhi, na mingine sikuweza. Ukikuta shina la chini limekuwa jeusi, chukua vipandikizi kwenye matawi mazima, ndilo tumaini lililobaki.

## Unjano wa majani ya chini, na kingo zilizoungua

Majani ya zamani yakianza njano yote bila michoro ya mishipa, na mmea umedumaa, ni upungufu wa naitrojeni. Uliza kama uliweka maranda au vumbi la mbao bichi. Vijidudu vinavyoliozesha hutumia naitrojeni ya udongo kwanza, mmea unabaki na njaa. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia), kijiko kimoja cha chai kwa mmea, mbali na shina, kwenye udongo uliolowa, mara moja kwa mwezi, hurekebisha hilo na hupunguza pH kidogo pia. Kwa haidrenjia naichagua kuliko CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, ambayo imechanganywa na chokaa.

Kingo za majani zikikauka kahawia huku katikati ni kijani, na udongo hauna kiu, mara nyingi ni chumvi za mbolea. Samadi ya zizi tunayo kwa wingi na ni hazina, lakini iwe imeoza mpaka haina harufu wala joto. Ya kuku ni kali zaidi. Jambo la hapa kwetu ni vumbi la dagaa kutoka soko la Mwaloni: lina naitrojeni, lakini lina fosforasi na kalsiamu nyingi ya mifupa, na likiwa la dagaa waliotiwa chumvi linaunguza mizizi. Mwagilia maji mengi mara tatu, kila mara yakipita chini, halafu uache mbolea zote kwa mwezi mzima.

Ukivuta mizizi ukakuta vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Huwa wapo kwenye mchanga uliolimwa nyanya. Usihamishe udongo huo.

## Nilinunua ya bluu, imetoa maua ya pinki

Hili si gonjwa, ila linauma watu moyo kuliko magonjwa, na ndilo ninalolipenda zaidi kulieleza.

Rangi ya ua la haidrenjia hutokana na delfinidini, rangi iliyo ukoo mmoja na ile inayofanya juisi ya choya iwe nyekundu. Peke yake huwa pinki au nyekundu. Ikipata alumini ndani ya ua, inageuka bluu. Kwa hiyo bluu si aina ya mbegu tu, ni alumini iliyopanda kutoka ardhini. Udongo ukiwa na pH chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka na mizizi huivuta. Kati ya 5.5 na 6.5 utapata zambarau, au bluu na pinki kwenye mmea mmoja. Juu ya hapo ni pinki. Maua meupe hayabadiliki, na kuna aina za pinki kali ambazo hazifiki bluu hata ufanyeje.

Granaiti imejaa alumini. Kila jabali unaloliona kutoka Capripoint hadi Pasiansi lina alumini ndani ya madini yake. Tumekalia alumini na maua yetu ni ya pinki, kwa sababu pH haijairuhusu itoke.

Kuna sababu ya pili ambayo hata wauza miche wengi hawaijui: fosforasi. Fosforasi hushikana na alumini ardhini na kuifungia. Mbolea za dukani za DAP na TSP zina fosforasi nyingi. Mbolea ya mawe ya Minjingu ina fosforasi pamoja na kalsiamu. Vumbi la dagaa na mifupa ni vivyo hivyo. Ni mbolea nzuri kwa mahindi na maharage, lakini anayetafuta bluu asiziweke kabisa. Anayetaka pinki nzuri, hizo ni rafiki zake.

Kama kabichi imekuonyesha uchachu na bado maua si bluu, tumia shabu, ile ile ambayo watu wa ziwani hutia kwenye maji machafu ili yatakate. Ina alumini. Yeyusha gramu 15 katika lita 4 za maji, mwagilia udongo kwa maji matupu kwanza, ndipo umwage mchanganyiko kuzunguka mmea, usiguse majani. Rudia baada ya wiki tatu au nne, si kabla. Mmea uwe umeshika, usiwe mche wa jana. Ikizidi, alumini huunguza mizizi na utarudi kwenye kingo za kahawia. Kwenye udongo wenye chokaa shabu haifanyi lolote.

Usitegemee ua lililokwisha kuchanua libadilike. Rangi itaonekana kwenye maua yatakayofuata, baada ya miezi. Mama mmoja wa Nyegezi alinipigia simu mara nne akisema nimemdanganya. Mara ya tano alinipigia kunionyesha.

Kuhusu makapi ya kahawa na majani ya paina yanayosifiwa kwamba hushusha pH: ni matandazo mazuri, na ukipata majani ya paina kutoka upande wa Buhindi yatumie kwa furaha. Ila hubadilisha pH kidogo sana.

## Majani ya kupendeza, maua hakuna

Hapa lazima niwe mkweli hata kama ninauza miche. Kosa linaweza lisiwe la udongo.

Haidrenjia hii hutengeneza vichipukizi vya maua pale joto linapokuwa chini ya nyuzi 18 hivi kwa wiki sita hadi nane. Mwanza mchana hufika nyuzi 27 au 28 mwaka mzima, na ni usiku tu wa Juni na Julai unaopoa kidogo. Ndiyo maana mche uleule unaotoa maua Lushoto au Njombe unaweza kukaa hapa miaka miwili ukitoa majani tu. Udongo hauwezi kuutibu huo uhitaji wa baridi.

Unachoweza kufanya ni kupunguza kizuizi. Usiongeze naitrojeni kuanzia Mei hadi Agosti, maana inasukuma majani. Usikate matawi wakati huo: maua mengi hutokea kwenye matawi ya zamani, na anayepogoa kiangazi amekata maua. Pogoa mara tu ua linapomalizika. Panda upande wa mashariki wa nyumba, penye upepo wa ziwa, na matandazo mazito yanayopoza udongo. Na ukinunua mche, nunua wenye vichipukizi vya maua tayari.

## Mchanganyiko ninaoutumia

Kwa vyungu viwili vya lita 40 au tuta dogo: madebe mawili ya luseni, madebe mawili ya mboji ya majani, na debe moja la pumba za mpunga zilizolowana na kulala miezi kadhaa. Pumba zisiwe zilizochomwa, kwa sababu majivu yake yanarudisha tatizo la kwanza. Siweki DAP wala chokaa. Uchachu nautafuta kwa salfa miezi mitatu kabla ya kupanda, ikiwa kipimo kinadai hivyo.

Mboji naitengeneza kwa majani ya miembe na gugumaji. Gugumaji lianikwe ufukweni hadi likauke kabla ya kulibeba, ili usilisambaze kwenye mto au bwawa lingine, kisha lipangwe tabaka kwa tabaka na majani makavu, ligeuzwe kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu linakuwa jeusi na linanuka kama msitu. Lile la karibu na mifereji ya viwandani na majitaka nalitumia kwa maua pekee, kamwe si kwa mboga, kwa sababu mmea huo hufyonza metali zilizomo majini.

Matandazo yasiguse shina. Kagua mchwa kila wiki, hasa Julai, kwa sababu kiangazi hufuata unyevu uliobaki chini ya majani makavu. Funga mbuzi, na waonye watoto: majani na maua ya haidrenjia yana sumu yakiliwa.

Panda mwanzoni mwa vuli au masika, jioni, shingo ya mche ikiwa sawa na uso wa udongo. Halafu pima tena kwa siki na kabichi mvua zikiisha, pale pale ulipopima mara ya kwanza, na uandike matokeo kwenye ukuta wa chungu kwa kalamu isiyofutika.